DAMU HAIFUATI UKOO
Makundi ya damu na njia za kuitoa

Jioni ya Jumapili, chini ya mibuyu ya Mama Ngina kisiwani Mombasa, hukusanyika watu wa kila namna: wenyeji wa Mji wa Kale, watu wa bara, na wasafiri waliovuka kwa feri kutoka Likoni. Wote hununua mihogo na madafu, wakitazama meli zinazoingia Kilindini. Kwa sura na kwa lugha hawafanani. Lakini yamkini damu ya mgeni aliyeketi karibu nawe hupatana na yako kuliko ya ndugu yako wa tumbo moja. Jambo hili yafaa kila mtu alielewe, kwa maana lahusu uhai.

MAKUNDI MANNE

Zamani madaktari walijaribu kumtilia mgonjwa damu ya mtu mwingine. Baadhi walipona na baadhi walikufa, wala sababu haikujulikana. Mwaka 1901 Daktari Karl Landsteiner, wa mji wa Vienna katika nchi ya Austria, alieleza kwamba damu za watu si za aina moja. Makundi makuu ni A, B, AB na O. Chembe nyekundu za A zina alama moja, za B zina nyingine, za AB zina zote mbili, na za O hazina hata moja. Mwili huipiga vita alama usiyokuwa nayo, na chembe ngeni huharibiwa. Kwa hiyo mtu wa O aweza kuwapa wote chembe zake nyekundu, lakini yeye hupokea za O tu. Mtu wa AB hupokea za wote, bali huwapa wa AB peke yao. Tena iko alama iitwayo Rh, nayo pia sharti iangaliwe.

MFANO WA NYUMBANI

Tuseme baba ni AB na mama ni O. Kwa kawaida watoto wao watakuwa A au B. Siku mama atakapotokwa na damu nyingi katika kuzaa, mumewe na wanawe, wajapokuwa tayari mlangoni, hawataweza kumpa yao. Atakayemwokoa ni mtu wa O, pengine asiyemjua kabisa, aliyekwisha kutoa damu siku zilizopita. Tena damu yote hupimwa kwanza, isije ikawa na vijidudu vya UKIMWI, homa ya ini au kaswende. Kazi hiyo yataka muda, na mgonjwa hana muda.

NJIA ZA KUTOA

Ya kwanza ni kutoa damu nzima, kiasi cha mililita 450, kwa muda wa dakika 10 hivi. Baadaye hugawanywa: chembe nyekundu apewe mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria, maji yake, yaitwayo plazma, apewe aliyeungua vibaya, na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, apewe mgonjwa wa saratani.

Ya pili ni kwa mtambo, ambao huchukua chembe sahani au plazma tu na kumrudishia mtu damu iliyobaki. Mtambo huu haupatikani kila mahali.

Ya tatu, mtu huweza kujiwekea damu yake mwenyewe kabla ya kupasuliwa.

Ya nne, jamaa hutoa damu kufidia ile aliyopewa mgonjwa wao. Hii hufaa, lakini huja baada ya dhiki. Iliyo bora ni damu ya hiari, bila malipo, itolewayo kabla ya haja.

WATU WAZIMA WAJITOKEZE

Chembe nyekundu hudumu katika baridi majuma 5 au 6, na chembe sahani siku 5 tu. Basi akiba haina budi kujazwa daima. Katika Kenya damu nyingi hutolewa na wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa akiba hupungua. Si haki kuwaachia vijana mzigo huu.

Mtoaji awe na umri wa miaka 16 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na afya njema; mwenye mimba asitoe. Ale na anywe maji kwanza. Mwanamume aweza kutoa kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Mkaaji wa Mombasa na aulize katika Hospitali Kuu ya Pwani, wala asingoje siku ya msiba wake.