Kipimo cha Mpiga Kura

Katika somo hili twataka kueleza jinsi serikali za kikoloni zilivyompima mtu kabla ya kumpa kura. Twaanza na koloni la Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika.

Katiba yake ya mwaka 1853 ilimpa kura kila mwanamume mzima, wa rangi yo yote, aliyekaa katika nyumba au shamba lenye thamani ya pauni 25, yaani shilingi 500, ama aliyepata mshahara wa pauni 50 kwa mwaka. Bunge la kwanza lilikutana Cape Town mwaka 1854. Baadaye Waafrika waliojiandikisha walipozidi, wakubwa waliingiwa na hofu. Mwaka 1887 ikatolewa sheria kwamba ardhi inayoshikwa na kabila kwa shirika isihesabiwe kuwa mali ya mpiga kura. Sheria haikutaja rangi, lakini kila mtu alijua ni nani waliolima ardhi ya namna hiyo. Waxhosa waliiita sheria ya kushona mdomo, na kwa maoni yetu jina hilo laistahili. Mwaka 1892, Cecil Rhodes akiwa waziri mkuu, pauni 25 zikafanywa 75, na mpiga kura akatakiwa ajue kuandika jina lake, makao yake na kazi yake.

Msomaji wa Mkolani na aangalie hapo. Shamba la pamba la Msukuma lilishikwa kwa desturi ya ukoo na utemi, wala halikuwa na hati. Kama sheria ile ingaliletwa Mwanza, karibu kijiji kizima kingalikosa kura.

Tanganyika ilipochagua Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1958 na 1959, haikupima shamba. Mpiga kura alitakiwa awe na miaka 21, tena awe amesoma miaka minane, au apate shilingi 3,000 kwa mwaka, au ashike cheo kilichotajwa. Basi karani na mwalimu waliingia, na mkulima aliyewalisha akabaki nje. Tena kila mmoja alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi katika TANU walitaka kususia. Lakini Tabora, Januari 1958, Julius Nyerere aliwashawishi waingie, wakawaunga mkono Waasia na Wazungu walioafikiana nao, na watu wao wakashinda.

Mwaka 1960 kura tatu ziliachwa, na aliyejua kusoma na kuandika akakubaliwa. Mkulima asiyejua kusoma alingoja hata Novemba 1962, katika uchaguzi wa Rais.