Mimea ya Mto Tana na Mahali Pake

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, husafiri kiasi cha kilomita 1,000, kisha humwagika katika Bahari ya Hindi. Mtu aufuataye tangu juu hata pwani huona mimea ikibadilika njiani. Sababu kubwa ni tatu: mbio za maji, unyevu wa ardhi, na chumvi.

Mlimani maji ni baridi tena huenda kwa nguvu. Udongo haupati kutulia, na mmea wa mizizi hukosa pa kujishikiza. Hapo huonekana ukoga na mimea midogo igandamanayo na mawe.

Kutoka Garissa hata Hola nchi ni kame, lakini kandokando ya mto umesimama msitu wa mikuyu, mikindu na mikoma. Miti hiyo hainyweshwi na mvua, bali na maji ya mto yapenyayo chini ya ardhi. Kadiri ukingo uachwavyo nyuma, ndivyo maji hayo yawavyo mbali na mizizi. Kwa hiyo msitu hukoma baada ya mwendo mfupi, na migunga hushika mahali pake.

Mafuriko nayo yana kazi yake. Huleta matope yenye rutuba na kuziandalia mbegu mahali papya pa kuota. Tangu yalipojengwa mabwawa ya umeme, kama Kindaruma mwaka 1968 na Masinga mwaka 1981, nguvu ya mafuriko imepungua, na matope mengi hubaki mabwawani. Miti mikongwe yaweza kusimama miaka mingi bado, lakini miche ikikosa kuota, msitu hautakuwa na warithi.

Karibu na pwani mto hutulia, na matete na mafunjo hustawi matopeni. Mdomoni hutawala mikoko. Mchu huvumilia chumvi nyingi, kwa kuwa huitoa kwa majani yake. Msikundazi hutaka maji matamu zaidi. Mto ukipungua, maji ya bahari hupanda juu, na mashamba ya mpunga pia huharibika.

Mkulima afyekaye miti ya ukingoni apate shamba, hupata mavuno ya miaka michache. Kisha mizizi iliyoushika udongo huoza, ukingo huporomoka, na shamba huchukuliwa na maji. Auachaye ukingo na miti yake huilinda ardhi yake mwenyewe.