MATUNZO NI YA MTOTO



Wazazi wakitengana hugawana vyombo, mbuzi na shamba. Mtoto hagawanywi. Anahitaji chakula, nguo, kliniki na shule kama jana.

Tuchukue mfano. Baba anachimba dhahabu Buhemba. Mama amerudi kwao Bunda na watoto wawili. Mkubwa ana miaka minane. Mdogo ana mwaka mmoja. Baba anasema, "Nilitoa ng'ombe. Watoto wakitaka kula, warudi kwangu." Mama anasema, "Sitaki hata senti yake." Wote wawili wamekasirika. Anayekonda ni mtoto.

Mtoto wa mwaka mmoja aendelee kunyonya mpaka afike miaka miwili au zaidi. Pia anahitaji uji wenye karanga, maziwa au dagaa waliosagwa. Akila uji mtupu kila siku, atadhoofika. Miguu yake ikivimba, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Chakula bora kinahitaji fedha. Fedha hiyo ni sehemu ya matunzo.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema baba ana wajibu wa kuwatunza watoto wake, hata kama wanaishi kwa mama yao. Mahari haifuti wajibu huo.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kutunzwa na kusomeshwa kama alivyokuwa kabla hawajatengana. Tena ana haki ya kumtembelea mzazi mwingine, ili mradi shule isiharibike.

Zamani, matunzo ya mtoto wa nje ya ndoa hayakuzidi shilingi 100 kwa mwezi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2009. Sasa mahakama huangalia mapato ya wazazi wote wawili, na gharama za maisha mahali anapoishi mtoto.

Je, ruzuku ya TASAF?

Mpango wa kunusuru kaya maskini ulianza mwaka 2012. Ruzuku yake ililenga pia watoto wa kaya waende kliniki na shule. Basi mzazi aliyeandikishwa asile fedha ya watoto ambao hawako kwake. Watoto wakihama, mweleze mtendaji wa kijiji ili taarifa za kaya zirekebishwe.

Fanyeni hivi:

1. Kaeni pamoja mbele ya wazee mnaowaamini. Ugomvi wenu uwekeni kando. Zungumzeni habari za mtoto tu.

2. Patana kiasi. Mchimbaji hapati kila wiki. Akikosa fedha, anaweza kuleta debe la mahindi au sare ya shule.

3. Sasa unajua kuandika. Andika katika daftari: tarehe, kitu kilicholetwa, saini ya mletaji na ya mpokeaji. Fedha ikitumwa kwa simu, usifute ujumbe.

4. Kadi ya kliniki imfuate mtoto popote anapokwenda.

5. Mkishindwa kupatana, nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Yeye, mzazi au ndugu wa mtoto anaweza kuiomba mahakama itoe amri ya matunzo.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Katika mfano wetu, baba amekosea wapi? Mama je?

2. Kwa nini ni vizuri kuandika matunzo katika daftari?

3. Kijijini kwenu, mtoto wa waliotengana anakula nini leo?