KHABARI ZA TUFANI NA HAKI YAKE KWA MWENYE KUZIPOKEA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Tangu ile tufani iliyoitwa Hidaya ilipoujilia mwambao wetu mwezi wa Mei 2024, watu wa darsa wametuletea suali moja kwa njia mbili. Wa kwanza wauliza: Je, yajuzu kwa Muislamu kuwasadiki wanaotangaza mvua na tufani kabla hazijaja, na hali Mtume s.a.w. ameihisabu mvua pamoja na yale mambo matano ambayo funguo zake ziko kwa Mwenyezi Mungu peke yake? Wa pili wauliza kwa hasira: Mpaka lini tutatishwa kila msimu kwa khabari za maangamizo, kisha kukicha jua latoka na bahari imetulia? Sisi twaona kwamba masuali haya yana mzizi mmoja, nao ni kutojua khabari ya hali ya hewa ni kitu cha namna gani. Wa kwanza ameidhania kuwa ni madai ya kujua ghaibu. Wa pili ameidhania kuwa ni ahadi, na sasa aona ahadi haikutimizwa. Nayo si hili wala lile.

Ghaibu ni lile lisilokuwa na dalili wala sababu ionekanayo na kiumbe. Ama mtu aliyeliona wingu jeusi limetanda baharini, akamwambia mkewe aanue nguo, huyu hakudai ghaibu. Ameona alama, akajengea dhana juu ya ada ambayo Mwenyezi Mungu ameipitisha katika viumbe vyake. Wataalamu wa hali ya hewa hawafanyi zaidi ya hayo, illa macho yao yafika mbali kuliko yetu. Wana vyombo vilivyorushwa angani vinavyoipiga picha bahari mchana na usiku; wana vipimo vya joto la maji na vya uzito wa hewa; na wana mashine za kupigia hisabu. Tufani haizaliki ila juu ya bahari yenye joto, kadiri ya digrii 26 na nusu au zaidi. Na inapozaliwa huonekana kwa siku kadhaa kabla haijafika nchi kavu. Katika upande wetu wa Bahari ya Hindi, kituo kilichopewa kazi ya kuziangalia kiko katika kisiwa cha Réunion, nacho hupeleka khabari kwa idara za nchi zote za mwambao, na yetu ya Kenya ni moja katika hizo.

Wazee wetu nao walikuwa na ilimu ya namna hii, ijapokuwa leo vijana wengi hawaijui. Manahodha wa Lamu, Mombasa na Unguja walihisabu mwaka wao tangu Nairuzi, wakaugawa kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua mwongo gani kusi huanza kukaza, na mwongo gani jahazi yaweza kuvuka, na mwongo gani bahari hufungwa. Hatukusikia kwamba wanavyuoni wa zama hizo waliwakufurisha manahodha. Na Imamu wetu Shafi’i, Mungu amrehemu, katika kitabu chake Al-Umm alipoieleza ile hadithi ya Hudaibiya, inayowalaumu wanaosema kuwa wamenyeshewa na nyota fulani, alipambanua baina ya watu wawili: yule aiaminiye nyota kuwa ndiyo iletayo mvua, na hiyo ndiyo kufuru, na yule akusudiaye kwamba mvua imenyesha katika wakati wa nyota ile, na huyu hakukufuru, ijapokuwa maneno mengine yampendeza Imamu kuliko hayo. Basi atakayesema kuwa mvua ya vuli mwaka huu yatarajiwa kuwa nyingi kwa kuwa bahari imepata joto, yuko katika fungu hili la pili, maadamu aamini kwamba bahari na joto lake vina Bwana wavyo. Ajabu ni kwamba wengine katika wanaowakataa watu wa vipimo huenda usiku kwa mpiga ramli kumuuliza kama safari ni njema. Huyo ndiye adaiye ghaibu, na kwake hawaulizi dalili!

Sasa na tuje kwenye dhana yenyewe, kwani hapa ndipo watu wanapopotea. Sharia yetu imejengwa mahali pengi juu ya dhana yenye nguvu. Aliye jangwani huelekea kibla kwa ijtihadi yake. Kadhi huhukumu kwa mashahidi wawili, nao waweza kukosea. Mgonjwa huacha kufunga kwa neno la tabibu mwaminifu. Hapana mwenye akili asemaye kwamba neno la tabibu ni upuuzi kwa sababu mgonjwa mmoja aliyekhofiwa kufa amepona. Khabari ya tufani ni katika jinsi hii. Mtaalamu asemapo kwamba mvua kubwa zina asilimia 70 ya kuja, maana yake ni kuwa katika misimu kumi inayofanana na huu, saba yake huwa na mvua na mitatu haina. Ule wa tatu ukija, hakusema uwongo. Lakini maneno yale yakipita vinywa viwili yaondokewa na asilimia. Yakipita vinywa vitano yaongezewa siku, saa na idadi ya maiti.

Tufani ya Hidaya ni mfano mzuri, kwani tuliishuhudia sote. Watu wa vipimo walisema kwamba tufani iko baharini, mashariki ya Tanzania, yaelekea mwambao, na kwamba pwani yetu ya Kenya itapata pepo kali na mawimbi makubwa. Wakachora na ramani yenye njia inayotanuka mbele kama jamvi linalokunjuliwa. Upana ule wa mbele si ukubwa wa tufani. Ni upana wa kutojua, yaani kiini cha tufani chaweza kupita mahali popote ndani yake, na kadiri siku zinavyokuwa mbali ndivyo shaka inavyozidi. Picha ile ikaingia katika simu za watu, ikatafsiriwa kwamba tufani imeenea kutoka Msumbiji hata Somalia. Zikafuata sauti za watu wasiojulikana, kila mmoja ana jamaa yake “mkubwa serikalini”, wakisema Mombasa itazama. Zikafuata picha za bahari za nchi za mbali, maji yamepanda ghorofa, chini yake pameandikwa jina la mtaa wetu. Hata jina likatiwa maana: wengine wakasema haiwi tufani kuitwa Hidaya ila pana siri. Hapana siri. Majina haya hutolewa mapema na nchi za upande huu wa bahari, hupangwa kwa taratibu ya herufi, na zamu ikifika hutumiwa. Kukisia nuhusi katika jina ni tiyara, na Mtume s.a.w. ameikataza.

Kisha ikawaje? Tarehe 4 Mei 2024 tufani ilishukia kisiwa cha Mafia, nayo imekwisha punguza nguvu zake. Sisi huku tulipata upepo na mawimbi. Basi watu wakacheka, wakasema wametishwa bure. Walipokuwa wakicheka, ndugu zetu wa Kilwa na Lindi walikuwa katika mafuriko, na barabara ya Lindi na Dar es Salaam imekatika, vyombo vimesimama. Hukumu gani hii, ya mtu kuiita khabari uwongo kwa kuwa msiba umemwangukia jirani yake?

Hapana budi kueleza kwa nini sisi huokoka mara nyingi, ili tusighurike. Tufani huhitaji mzunguko wa ardhi upate kuisokota, na nguvu ya mzunguko huo hudhoofika kadiri mtu anavyoikaribia ikweta. Mombasa iko digrii nne tu kusini ya ikweta, na Lamu iko karibu zaidi. Lindi iko kwenye digrii ya kumi. Hiyo ndiyo sababu Lindi ilipigwa mwaka 1952. Hiyo ndiyo sababu tufani Jobo ya Aprili 2021, iliyotisha watu wengi, ilidhoofika kabla ya kufika karibu na Dar es Salaam. Lakini uchache si kutokuwapo. Unguja iko digrii sita, na watu wake hawakuwa na khabari ya jambo kama hilo, hata ilipofika Aprili 1872, ikawajia tufani iliyovunja majahazi na merikebu za Sayyid Barghash bandarini na kung’oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba haikudhurika sana, na tangu hapo ndiyo ikawa nchi ya karafuu. Watu wa Unguja wa 1872 hawakuwa na wa kuwaonya. Sisi tunao, nasi twawafanyia mzaha.

Na mzaha huu haukuzuka wenyewe; umeletwa na wale waliozidisha. Wengi wetu twaikumbuka mvua ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, iliyochukua madaraja na kuleta maradhi. Mwaka 2015 ilipotangazwa kwamba El Niño nyengine yenye nguvu iko njiani, magazeti na maredio yaliinyanyua khabari ile mpaka ikawa kama gharika ya Nuhu. Mvua zikaja, lakini si kama zile. Nyoyo zikakinai. Mwaka 2023 wataalamu wakaonya tena, na mwezi wa Oktoba yakatoka maneno kwa wakubwa wa nchi kwamba haitakuwa kali kama ilivyosemwa. Wengi wakayapokea kwa furaha, maana ndiyo waliyotaka kuyasikia. Novemba mafuriko yakaingia Mombasa, Tana River na Garissa, watu wakafa na wengine wakahama majumba yao. Aliyepiga yowe mwaka 2015 kwa ajili ya kuuza gazeti ana fungu lake katika uziwi wa 2023. Hili twalisema wazi, kwani watu hudhani kuwa kuzidisha khabari ya khofu ni kosa jepesi, kwa kuwa “angalau watu watajihadhari”. Hawajihadhari. Huogopa mara moja, kisha hawasikii tena.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nisaa, aya ya 83, amewalaumu watu ambao wakifikiwa na jambo la amani au la khofu hulitangaza, na lau wangelirejesha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka miongoni mwao, wangelijua wale wawezao kulichungua. Angalieni: aya haikuwalaumu kwa kutunga uwongo, imewalaumu kwa kuitangaza khabari kabla ya kuirejesha kwa wenye kuijua. Na katika hadithi aliyoitoa Muslim mwanzoni mwa kitabu chake, imemtosha mtu kuwa mwongo kule kusimulia kila alisikialo. Basi mwenye kupeleka sauti ya tufani kwa watu mia kwa kidole kimoja, hali hajui nani aliyeisema, asijitetee kwamba yeye ni mpelekaji tu.

Na lawama hii hatuwezi kuiacha nje ya misikiti. Yalipotokea maafa ya Mai Mahiu mwishoni mwa Aprili 2024, maji yakawachukua watu usiku wamelala, walisikika wenye kupanda juu ya mimbari na kusema kwamba hiyo ni adhabu kwa dhambi za watu wale. Wamejuaje? Mtume s.a.w. akiona wingu na upepo alikuwa akibadilika uso, akiingia na kutoka, kwa kukumbuka kaumu ya Adi. Alijikhofia yeye na umma wake, hakunyoosha kidole kwa jirani. Naye ndiye aliyewahisabu aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo kuwa ni katika mashahidi. Khatibu anayewahukumia wafu sababu ya kufa kwao ametangaza ghaibu zaidi kuliko mtaalamu yeyote wa hali ya hewa.

Yabaki mas-ala ya kutenda, nayo ndiyo tuliyoyaombwa khasa na manahodha na waadhini.

Ama bahari: wanavyuoni wa madhehebu yetu wamesema kwamba ikiwa maangamizo ndiyo yanayodhaniwa zaidi, ni haramu kuipanda, hata Hija haimlazimu asiyekuwa na njia ila bahari ya namna hiyo. Basi idara ikitangaza mawimbi makubwa na kukataza uvuvi, nahodha akang’oa nanga kwa kusema kwamba ajali haina kinga, huyo hakutawakali. Umar r.a. alipokuwa akienda Shamu akapata khabari ya tauni alirudi na watu wake, na alipoulizwa kama aikimbia kadari ya Mungu alijibu kwamba aikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Na khabari ile haikuwa yakini kwamba kila aingiaye atakufa, ilikuwa dhana. Abiria na mabaharia ni amana kwa nahodha, na kukosa riziki ya siku mbili si dharura ya kuwatia maji. Lakini matajiri wenye vyombo nao wasimsukume nahodha kwa kumtisha kunyimwa kazi. Na mwenye duka asifunge unga na mafuta ya taa akingojea khofu ipandishe bei. Hukumu ya anayeficha chakula watu wakihitaji yajulikana.

Ama sala: mvua inayorowesha nguo, na tope kubwa, ni udhuru wa kuacha jamaa, na mvua hiyo ni udhuru hata wa Ijumaa; upepo mkali ni udhuru wa usiku. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume s.a.w. alimwamrisha mwadhini katika usiku wa baridi na mvua awanadie watu wasali makwao, na Ibn Abbas alimwamrisha hivyo mwadhini wake siku ya Ijumaa yenye mvua, watu walipostaajabu akasema kuwa amelifanya aliye bora kuliko yeye. Mwadhini wa mtaa ulioingia maji asione haya kuihuisha suna hii, na jirani zake wasimwite mzushi. Kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, kwa ajili ya mvua kwajuzu kwa kutanguliza tu, kwa wanaosali jamaa msikitini na mvua yawaudhi njiani. Anayesali nyumbani kwake hakusanyi. Na khofu ya tufani ambayo haijafika haitoshi kukusanyia sala, ijapokuwa yatosha kumzuia nahodha. Kwani sharti la kukusanya ni mvua yenyewe kuwapo, na sharti la kujizuia na hatari ni dhana.

Wallahu aalam.