Buti Liwake! Vidokezo 9 vya Kufunga Taa Ndani ya Gari la Kubeba Baiskeli

Umeshuka na baiskeli kwenye vilima vya Usambara tangu mchana, miguu imelegea, roho kwatu! Mara jua linatua. Huku karibu na ikweta giza halipigi hodi: dakika 20 na ushei baada ya magharibi, tundu la valvu hulioni tena. Baiskeli tatu bado zimelala chini, mkanda wa kuzifungia umepotelea chini ya kiti, na kile kitaa cha dari kilichokuja na gari kinamulika viti vya mbele tu. Simu mdomoni tena kama tochi? Hapana, mwaka huu tunaachana na hayo. Jumamosi moja inatosha, na vifaa vingi vinapatikana kwenye duka la kawaida la spea. Twende kazi!

1. Pakia kwanza, nunua baadaye

Usikimbilie dukani. Subiri giza liingie, pakia baiskeli zako zote jinsi unavyozipakia safarini, kisha washa tochi ya simu na uizungushe humo ndani polepole. Kivuli kinaangukia wapi? Mkono wako unahangaika wapi? Kila sehemu ambayo tochi inakupa raha, bandika kipande cha tepu ya karatasi. Tayari unayo ramani ya taa zako, na hujatoa hata shilingi.

2. Mwanga utoke ubavuni

Hiki ndicho kidokezo cha thamani kuliko vyote hapa, kwa hiyo kaa nacho kidogo. Gari la kubeba mizigo ya kawaida linaridhika na taa ya dari. La baiskeli haliwezi. Baiskeli husimama: usukani uko juu, tandiko liko juu, gurudumu la mbele umelichomoa na kulichomeka pembeni. Taa ikiwa juu, vyote hivyo vinatupa vivuli chini, palepale kwenye ekseli na mikanda unayohangaika nayo. Utafunga taa kali namna gani, na bado utapapasa!

Suluhisho ni kulaza mikanda miwili ya taa za LED, mmoja kila ubavu, chini kidogo ya usawa wa dirisha. Mwanga ukitoka pande mbili, kivuli cha huku kinafutwa na mwanga wa kule. Mkanda wa tatu uweke mlangoni kwa ajili ya kazi za nje. Kama mlango wako wa nyuma unanyanyuka juu, ubandike kwenye ukingo wa chini wa mlango: ukifunguka, ukingo huo ndio unaokuwa juu, na taa inamwaga mwanga hadi chini unaposimama. Kwa Land Cruiser mkonga, Prado nyingi zilizoko barabarani, au Defender za zamani, ambazo mlango hufunguka kwa pembeni, mahali pake ni kwenye fremu juu ya mlango, ikiangalia nje.

Na pedali? Pedali ni adui wa taa. Kwa hiyo laza mkanda ndani ya mfereji wa alumini wenye kifuniko cheupe kama maziwa. Kifuniko hicho kinapokea vishindo, na pia kinatuliza mwanga usikuchome macho.

3. Pima volti kabla ya kuuliza bei

Magari mengi ni ya volti 12, lakini baadhi ya dizeli za zamani kutoka Japani na magari yaliyotoka jeshini ni ya volti 24. Mkanda wa volti 12 ukiunganishwa kwenye 24 utaungua. Wa 24 ukiunganishwa kwenye 12 utagoma kuwaka. Chukua tesita, gusa betri, ujue moja. Usishtuke ukiona namba imepanda hadi 14 na pointi injini ikiwa inanguruma: hiyo ni chaji tu. Ila chagua mkanda unaoistahimili, hasa ule ulioandikwa kuwa ni wa gari.

4. Usidanganyike na wati nyingi

Muuzaji atakuonyesha mkanda unaowaka kama jua la Dodoma. Tabasamu, kisha uliza unakula wati ngapi kwa mita. Mikanda ya kawaida yenye taa 60 kwa mita iko ya aina mbili: ile ya vitaa vidogo inakula wati 4.8 hivi kwa mita, na ile ya vitaa vikubwa inafika 14.4. Mita tatu za ile midogo ni ampea 1.2 tu, za ile mikubwa ni 3.6. Kwa buti la gari, midogo inatosha sana ukishafuata kidokezo namba 2.

5. Rangi nayo ina kazi yake

Mwanga mweupe wa wastani, ulioandikwa 4000K, ni mzuri kwa ufundi: unatofautisha kutu na tope, na cheni unaiona vizuri. Ule wenye unjano, 3000K au chini ya hapo, huvuta wadudu wachache zaidi, jambo la kushukuru ukiwa umepiga kambi msimu wa mvua na kumbikumbi wako angani. Ukipata nafasi ya kitaa kimoja chekundu, weka. Ukiwasha hicho peke yake, macho hayapotezi uzoefu wa giza, na wenzako waliolala hawaamki.

6. Fyuzi kwanza, urembo baadaye

Hapa tunapunguza utani. Watu wengi hudhani fyuzi inalinda taa. Kazi yake kubwa ni kulinda waya. Betri ya gari ina uwezo wa kutoa mamia ya ampea kwa mkupuo. Waya wako mwembamba ukichubuka na kugusa bodi, utageuka mwekundu kwa joto, na jirani zake ni zulia na sponji za viti. Kwa hiyo fyuzi ikae karibu kabisa na betri, sentimita 20 hivi, maana kipande chote kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Waya wa milimita 1.5 za mraba na fyuzi ya ampea 5 vinatosha kwa hizo mita tatu.

Kila mahali waya unapopenya bati, weka mpira wa kupitishia. Kila mahali unapopita sakafuni, uvishe bomba la plastiki, kwa sababu baiskeli ikiburuzwa ina meno. Waya wa athi usiufunge juu ya rangi: kwangua hadi chuma king'ae, kaza kwa bolti, kisha paka grisi juu yake. Baiskeli hurudi zimelowa, na kutu haina likizo.

Jambo moja la kutofanyia mzaha kabisa: plagi na nyaya zenye rangi ya njano kwa kawaida ni za mifuko ya hewa ya usalama. Usizikate, usizipime, usiazime umeme kwake. Na kama gari lako lina mifuko ya hewa ya pembeni juu ya madirisha, usipitishe waya mbele yake. Ukiwa na shaka, fundi umeme wa magari atakumalizia sehemu hiyo kwa muda mfupi, na hela hiyo itakuwa imetumika vizuri.

7. Swichi ya njia tatu, betri salama

Unataka taa ijiwashe mlango ukifunguliwa, sawa. Lakini jioni ya kambini mlango unabaki wazi saa nyingi. Ule mkanda wa ampea 3.6 ukiwaka saa 10 unakula ampea-saa 36, zaidi ya nusu ya betri ya 60. Asubuhi mtasukuma gari, na miguu yenyewe imechoka! Funga swichi ya njia tatu: zima, washa, na fuata mlango. Swichi ya mlango katika magari mengi ya Toyota hukata upande wa hasi, si chanya, kwa hiyo pima kwanza kabla ya kuunga chochote. Ukiwa unaendesha usiku, zote zizimwe. Mwanga wa nyuma ukirudi kwenye kioo cha mbele, barabara inapotea.

8. Safisha, bana, ziba

Gundi ya mkanda haipendi vumbi. Futa sehemu kwa spiriti, acha ikauke, bandika, kandamiza kwa kidole gumba kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu liache gari hadi kesho yake. Hata hivyo, gari lililoanikwa juani mchana kutwa hulegeza gundi, na barabara ya changarawe humalizia, kwa hiyo ongeza vibanio kila baada ya sentimita 20 au 30. Kukata mkanda? Kata kwenye alama tu. Kwa mikanda mingi ya volti 12 alama huja kila baada ya vitaa vitatu. Ncha iliyokatwa izibwe kwa silikoni. Waya unaoingia mlangoni upite ndani ya ule mpira uliokunjamana wa kiwandani, uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, na uachiwe ulegevu: hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na waya mgumu hukatikia hapo.

9. Akiba haiozi: beba na taa ya sumaku

Pancha haichagui kutokea karibu na buti. Nunua taa ndogo ya kuchaji yenye sumaku, iweke kwenye mfuko wa spana, ili ukihitaji mwanga pembeni mwa gari au chini ya boneti uibandike na mikono yote miwili ibaki huru. Wenye Defender za zamani, mjaribu kabla ya safari: mabati mengi ya nje ya gari hilo ni alumini, na sumaku haishiki hapo. Tafuteni chuma, mfano chasisi au rimu za chuma, na mahali inaposhika vizuri pawekeeni alama ya rangi nyeupe mnayoweza kuiona gizani.