Amri ya Tano na Ulinzi wa Watoto Wadogo

Katika amri ya tano Mungu anakataza kuua. Anaagiza pia kuulinda uhai. Jirani wa kwanza wa mama ni mtoto wake mdogo, asiyejua bado kupambanua maji na sumu.

Mama mmoja mkatekumeni alinunua petroli ya taa, akaitia katika chupa ya bia, akaiweka chini karibu na mtungi. Mtoto wake wa miaka miwili, akiwa na kiu, akainywa. Akaanza kukohoa na kupumua kwa shida. Majirani wakasema: «Amelogwa.» Nyanya akataka kumtapisha kwa mawese. Baba akakataa, akambeba mbio mpaka zahanati. Mwuguzi akawaambia: «Heri hamkumtapisha. Petroli ikirudi kooni huingia mapafuni na kuyadhuru.» Mtoto akapona. Mchawi hakuwapo, palikuwapo chupa iliyowekwa vibaya.

Je, mama huyo alitenda dhambi? Asiyejua hatari hahesabiwi sawa na mwenye kujua. Lakini anayeijua, akaipuuza kwa uvivu, atajibu mbele ya Mungu. Basi mama ajifunze, na akiisha kujifunza, atende.

1. Moto. Chungu kikae juu ya mafiga imara, na mtoto asiachwe peke yake karibu nacho. Akiungua, mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, pafunikwe kwa kitambaa safi, kisha apelekwe zahanati. Majivu na mafuta yasipakwe, maana hudhuru kidonda.

2. Petroli na dawa. Ziwekwe juu, mbali na mikono ya mtoto. Wala zisitiwe kamwe katika chupa ya kinywaji.

3. Maji. Mtoto mdogo aweza kuzama hata katika beseni lenye maji kidogo, kwa kuwa akianguka kifudifudi hawezi kujiinua. Beseni limwagwe baada ya kazi, na kisima kifunikwe.

Baba naye asiseme: «Hiyo ni kazi ya wanawake.» Rafu ya juu na kifuniko cha kisima vyangojea mikono yake. Mtakatifu Yosefu aliamka usiku, akamchukua Mtoto na Mama yake, akakimbilia Misri.

Wengine husema: «Malaika mlinzi anatosha.» Kanisa huwaadhimisha Malaika Walinzi tarehe 2 Oktoba, na ni vema kuwaomba kila siku. Lakini malaika humsaidia mama anayekesha. Hamwondolei kazi yake.

Maswali
1. Amri ya tano yakataza nini, nayo yaagiza nini?
2. Kwa nini mtoto aliyekunywa petroli asitapishwe?
3. Chupa ya petroli iko mahali gani nyumbani kwako?

Tendo la juma hili: kabla ya sala ya jioni, baba na mama waizunguke nyumba yao pamoja, waondoe hatari moja. Kisha wapige magoti.