Somo la Jibini Laini ya Kuchovya, na Hatari ya Ukungu

Akina mama na akina baba wa vijiji, sikilizeni somo hili. Linawafaa hasa wale wanaouza chakula kwenye machimbo ya almasi na dhahabu.

Jibini ni maziwa yaliyogandishwa na kuondolewa maji. Watu wa mji huiita fomaji. Ile ya Masisi hutoka Kivu, nchi ya milima yenye baridi na majani mengi ya ng'ombe. Kwetu Kisangani ni msitu, na mbung'o huwaletea ng'ombe ugonjwa. Kwa hiyo maziwa ni machache. Lakini ukiwa na unga wa maziwa na ndimu, utaweza kutengeneza jibini nyumbani, na kuchovya humo makemba au muhogo.

Kazi yenyewe ni hii:

1. Nawa mikono. Chemsha kitambaa cha kuchujia.
2. Koroga kikombe 1 cha unga wa maziwa katika vikombe 4 vya maji. Uwe unga wa maziwa yenye mafuta, usiotiwa sukari.
3. Weka motoni, koroga mpaka yachemke. Ipua.
4. Tia maji ya ndimu, vijiko 3, kidogo kidogo. Ngoja dakika 10. Utaona mabonge meupe na maji ya manjano.
5. Chuja kwa kitambaa, ukitundike saa moja. Yale maji usiyamwage.
6. Twanga mabonge pamoja na chumvi, pilipili na kitunguu. Rudisha yale maji kijiko kwa kijiko, mpaka iwe laini na nzito.

Iliwe siku ile ile. Joto letu huharibu upesi.

Sasa swali. Wengine huuliza: "Wazungu hula jibini yenye ukungu wa buluu. Kwa nini sisi tutupe yetu ikiota ukungu?"

Jibu ni hili. Kule Roquefort, katika Ufaransa, jibini ya maziwa ya kondoo huwekwa mapangoni. Ukungu wake ni wa aina moja inayojulikana. Umechaguliwa na kupandwa, kama mkulima achaguavyo mbegu ya mpunga. Ukungu ulioota wenyewe juu ya jibini yako hukuupanda wewe. Hujui ni mbegu gani. Tena usiseme, "Nitakwangua juu." Jibini laini ni kama udongo mwororo: mizizi ya ukungu imekwisha kuingia ndani. Tupa yote.

Na karanga ni vivyo hivyo. Mwaka 1960, katika Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa chakula cha karanga zilizoota ukungu. Sumu yake inaitwa aflatoksini. Huharibu ini la mtu, na huweza kuleta kansa. Kukaanga hakuiondoi, na kutwanga huificha tu. Basi anika karanga zako vizuri, chagua zilizo mbovu, uzitupe kabla ya kutwanga.

Mchimbaji akinunua chakula chako, amekupa fedha yake na tumbo lake pia. Usimdanganye.

Maswali: Kwa nini tunachemsha kitambaa? Ukungu wa Roquefort na ukungu wa nyumbani vinatofautianaje? Karanga zenye ukungu tuzifanyeje?